Bangili Uliyomvisha Kulwa

Baba,

Shikamoo nimekunyima. Ukiwa hai sikuwahi kukunyima hata siku moja, hata ulipokuwa umelewa, lakini leo kaa hivyo hivyo, uonje kunyimwa kilicho chako.

Matanga tumeanua juzi. Watu wamekula, wazee wamekusifu mpaka nikaona aibu. Mtemi wa haki, walisema. Utemi wenyewe serikali iliufuta kabla hujaota ndevu, ukabaki na kiti, ngoma na heshima, na bado watu walitoka hata Ushirombo kukuletea kesi zao. Ulikuwa unaamua vizuri, sikatai. Kesi ya nyumbani kwako ndiyo iliyokushinda.

Shangazi Minza amesema, Baba. Alisubiri ufukiwe kwanza, maana alimwogopa kaka yake kuliko alivyomwogopa Mungu. Wageni walipoondoka alisema mbele ya wazee wote, mkono kauweka kichwani kwangu. Kwamba tulipozaliwa, Kulwa na mimi Doto, tulilia wiki nzima hatunyonyi, mkatupeleka kwa yule mama anayeagua kwa vifaranga. Kwamba vilipasuliwa vifaranga viwili, cha Kulwa na cha kwangu, na masamva, wazee wetu waliotangulia, walisemea ndani ya changu. Walimtaka Doto. Babu yako alitaka bangili yake ya shaba ivaliwe na msichana, alinde makaburi ya watemi kule kilimani na kuwasemea wafu kwa walio hai.

Na wewe ukasema, "Msichana huolewa. Bangili itaondoka na mume." Ukamfungia Kulwa, mtoto wako wa kiume, bangili hiyo shingoni kwa kamba mpaka mkono wake ulipokua. Ukamlisha shangazi kiapo. Basi. Hukuchinja hata jogoo kuwaomba radhi hao wazee uliowageuzia maneno.

Miaka arobaini na moja, Baba.

Kinachonichoma si bangili, sikuwahi kuililia. Ni kwamba kila mwiko uliokuwa wangu uliubandika kwenye mwili wa ndugu yangu. Mwenye bangili halali nje ya boma la mtemi. Mwenye bangili hali kondoo. Mwenye bangili hachapwi na mtu, na kwa kuwa walimu wana fimbo, ukasema haendi shule. Nakumbuka asubuhi ile. Mama alikuwa ameshona sare mbili. Ya Kulwa ukampa mtoto wa jirani. Alinisindikiza mpaka kisimani, akasimama, kwa sababu ruhusa yake iliishia pale. Nilipinda kona bado amesimama. Jioni akataka kujua tumefanya nini, nikamwimbia a, e, i, o, u, naye akaimba. Ukatusikia. "Doto, usimchoshe mwenzio, yeye ana kazi yake."

Mimi nikasomeshwa kwa masista, nikawa mwalimu. Mwaka wa kumi na saba huu nafundisha darasa la kwanza Runzewe. Watoto wa wachimbaji, watoto wa wauza mitumba, nimewashika vidole wote wakaandika majina yao. Ndugu yangu nilimwacha, kwa kuwa uliniambia ana kazi yake, nami nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Hilo ni langu, sikubebeshi.

Lakini la mwaka jana ni lako. Ulikuwa umelazwa Geita. Wakaja watu wa dhahabu na karatasi yao, wakamwambia Kulwa ni ya kupitisha barabara chini ya kilima. Akaweka dole gumba. Kumbe ni ruhusa ya kuchimba, na maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, yakasogea mpaka kwenye kaburi la babu yako. Uliporudi ukamwita mbele ya wazee, mtu mzima ana mvi, ukamwambia, "Mjinga wewe. Hata mtoto wa darasa la pili angeisoma."

Ulithubutuje? Nani alimnyima hilo darasa la pili? Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako unajua, na bado ulisema. Siku tatu mfululizo Kulwa alikwenda kilimani akajilaza juu ya lile kaburi kutwa nzima, jua lote likamwishia mgongoni, mpaka wachimbaji wakachoka naye wakahamisha shimo. Wewe hukwenda hata kumpelekea maji.

Shangazi alipomaliza kusema, nilimwangalia Kulwa. Nilitaka apige kelele. Nilitaka akivunje kile kiti. Aliuliza swali moja tu, taratibu, kama anauliza njia: "Kwa hiyo mimi ningesoma?"

Wazee wakatazama chini.

Sasa wanataka bangili niivae mimi, eti mvua imegoma kwa sababu yako. Nilitaka kukataa niwakomoe wote, wewe wa kwanza. Lakini nikikataa, inabaki mkononi mwa Kulwa. Kwa hiyo jana nimeivaa. Ilitoka kwa sabuni na samli, na ngozi iliyokuwa chini yake ni laini, haijawahi kuona jua. Nimeomba uhamisho nije kufundisha shule ya hapa kijijini. Kondoo sitakula. Kuhusu kuolewa, nina miaka kumi na tano kwenye ndoa na mume wangu hajabeba kaburi la mtu.

Usidhani nimekusamehe. Nakupenda, na hilo linazidi kunikasirisha, maana ningekuwa sikupendi ningelala usingizi. Lakini kusamehe hapana. Aliyekosewa si mimi, na sina haki ya kukugawia msamaha wa mtu mwingine.

Jana hiyo hiyo nilimpa Kulwa kalamu ya risasi. Ameandika K, imetazama nyuma, akaifuta, akaandika tena. Vidole vyake ni vigumu kwa jembe, na hataki nimshike. Anasema ataweza mwenyewe.

Barua hii sitakusomea mimi, Baba. Naiweka sandukuni. Nakuahidi ataisoma yeye, pale kaburini kwako, kwa sauti, kuanzia mwanzo, hata ikimchukua miaka. Na akikwama kwenye neno, utamsubiri.

Kwaheri.

Mwanao,
Doto