Kigoda cha Mfalme Dengfeng

Agape shoga, Medard hana adabu! HANA!

Si leo mfalme wetu mpya anatawazwa nyumbani? Tumejazana mgahawani Dengfeng, hapa Guangzhou, tunaangalia kwa simu ya video, wazee wa kule nao wanatuona. Jovitha kaweka kigoda kitupu, kakifunika nguo ya magome, tukipigie magoti kama vile mfalme yupo.

Medard, eti kwa vile anaongoza chama chetu cha huku, kaja KUKIKALIA!

Jovitha akamfokea: "Inuka! Hicho ni cha mfalme."

"Guangzhou mfalme ni mimi. Pigeni magoti!"

Kakikalia, Agape! Ngoma kule zikanyamaza.

Jovitha akakivuta kigoda. Jitu chini, puu!

Vigelegele tulivyomwekea mfalme vikatoka palepale.