Jibu Lako kwa Babu

Bibi,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia, kwa hiyo naendelea kana kwamba umeitika.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mama sijamwambia kwenye simu, na hata kwenye sala nalipita haraka. Ule ubeti wa mwisho kwenye albamu ya Babu, ambao watu wote wanasema ni maneno yako, si wako. Niliutunga mimi. Niliutunga nikichuma mlenda nyuma ya nyumba, halafu nikamwambia Babu kwamba ulikuwa ukiuimba wewe.

Basi, nimeandika. Sasa nianze mwanzo, maana uliondoka hata hujui kwamba kuna albamu.

Ulipotuacha, wakati wa kuvuna uwele, Babu hakulia mbele za watu. Alikaa tu. Asubuhi alikaa kwenye jua, mchana akahamia kivulini, na gitaa likabaki kwenye msumari wake. Nilikwenda kumaliza kidato cha nne, nikarudi baada ya mtihani, nikamkuta amekaa palepale. Shangazi Tumaini, aliyehamia hapa kumpikia, aliniambia, "Eli, baba yangu amekuwa mgeni kwenye nyumba yake. Hata chumvi ikizidi anasema asante."

Siku moja nilikuwa napepeta uwele kwa ungo wako. Sikuwa na nia yoyote, Shangazi alitaka unga. Nikasikia gitaa nyuma yangu. Sikugeuka, Bibi. Niliogopa nikigeuka ataacha. Nilipepeta mpaka uwele ukawa safi, nikaendelea kupepeta uwele safi.

Unakumbuka ulivyokuwa unazipima nyimbo zake? Babu aliyewahi kuimba kwenye bendi za dansi Dodoma na Tabora, aliyewachezesha watu mpaka viatu vikakatika, alikuwa anakuja kuketi karibu yako na wimbo mpya kama mwanafunzi na daftari. Wimbo ukiwa mzuri, ungo uliendelea. Ukiwa mbaya, ungo ulisimama, nawe ukamwuliza, "Umemaliza?" Nami nilicheka mpaka nikakohoa pumba.

Shangazi alimrekodi kwa simu, akamtumia Mama, Mama akamtumia sijui nani, mwisho ikamfikia kijana anaitwa Dulla, mwenye studio pale Mandewa, mjini. Marehemu baba yake alikuwa akizipenda nyimbo za Babu za zamani. Alikuja hapa kwetu Kinyangiri na pikipiki, amejaa vumbi mpaka kope, akampa Babu shikamoo mbili. Alisema, "Mzee, njoo urekodi. Usiimbe kama zamani. Imba hivihivi unavyoimba sasa."

Na ni kweli, haimbi kama zamani. Sauti imeshuka. Inakwenda kama gari lililozimwa injini likiteremka mlima, halina haraka na halina kelele, unasikia mawe tu chini ya matairi. Hakuna tarumbeta wala zile sehemu za kuruka. Ni gitaa na yeye, na kati ya mstari na mstari anapumzika mpaka unadhani amesahau. Dulla aliposikia wimbo wa kwanza alivua kofia akasema, "Mzee, hii ni bluzi kabisa, kama ya Wamarekani." Babu akamjibu, "Bluzi mimi siijui. Huu ni wimbo wa mtu aliyechoka, akapata kiti."

Mimi nilikwenda naye kwa sababu hasikii vizuri sikio la kushoto. Kazi yangu ilikuwa kukaa upande huo. Studio yenyewe ni chumba kimoja, ukutani wamebandika trei za mayai, mlangoni blanketi. Dulla aliweka ngoma za kompyuta. Babu alisikiliza kidogo, akauliza, "Nani huyu anayetukimbiza?" Dulla akapunguza mwendo. Babu akasema, "Bado yumo. Mtoe."

Ndipo akaniambia nitoe ungo wako, ambao alitaka tuje nao na uwele kidogo, na sikujua kwa nini. Nikapepeta mle ndani, Bibi, nimekaa kwenye kigoda, nimewapa mgongo wote wawili, na kipaza sauti kikiwa karibu na mikono yangu. Nyimbo zote zinakwenda kwa mwendo wako. Dulla alilalamika tu, "Dada, uwele umeingia kwenye waya," akachukua ufagio akafagia.

Zilikwenda vizuri zote, isipokuwa ule wa Itigi.

Unaujua. Ndio ule aliouanza kabla Shangazi hajazaliwa, wakati alipokufuata na kukuoa, halafu akakuacha kule stesheni ya Itigi akapanda treni na bendi. Miezi ikapita bila neno. Anakuuliza:

*Niliondoka alfajiri, sikukuaga vizuri,*
*behewa likanibeba, moyo ukabaki Itigi.*
*Uliningoja kwa nini, mwenzangu, uliningoja kwa nini,*
*nami sikukwambia siku nitakayorudi?*

Umri wake wote alikuomba ubeti wa jibu. Nilikuwepo mara nyingi. Ulimwambia, "Jibu nilikupa kwenye sahani," ukaendelea na kazi. Kwa hiyo wimbo haukuwahi kwisha.

Dulla alimwambia autunge mwenyewe huo ubeti. Babu akakataa. "Siwezi kujiuliza na kujijibu. Wimbo huu bila jibu ni mtu anabisha hodi na ndani hamna mtu." Dulla akasema basi tuuache, albamu itoke bila huo. Babu akasema huo ndio albamu, hizo nyingine zinausindikiza tu. Tukarudi nyumbani. Akatundika gitaa kwenye msumari. Kesho yake asubuhi alikaa kwenye jua, mchana akahamia kivulini.

Niliona anarudi kule kule, Bibi. Niliona safari hii hatatoka.

Nikaenda kuchuma mlenda. Nilikuwa nawaza ungemjibu nini kama ungekuwa mtu wa kujibu. Nikakumbuka ulivyoniona nimekaa mlangoni, kidato cha pili, nangoja matokeo. Uliniambia, "Usingoje. Songa ugali. Yakija yatakukuta unakula." Nikawa nacheka peke yangu kwenye mlenda, na maneno yakaja yamepangana, sikuyatafuta. Niliingia ndani nikasema kwa sauti ndogo, upande wa sikio lake zima, "Babu, Bibi alikuwa akiimba kitu tukipepeta. Nadhani ni cha ule wimbo."

Hakuniangalia. Alisema, "Imba."

Unanijua. Shuleni nilipangiwa kusoma tangazo mstarini, nikaugua tumbo kweli. Lakini nilichukua ungo, nikampa mgongo, nikaimba:

*Sikukungoja, mwenzangu, mimi nilikuwa na kazi,*
*nilipepeta, nilipika, nilifunga mbuzi.*
*Ukatokea mlangoni chakula kimeiva,*
*basi wewe ukasema nilikungoja.*

Niliendelea kupepeta. Nikajua nimeharibu. Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha kifuani, kikaendelea mpaka kikawa kitu kingine, nikaacha ungo uendelee ili asijue kwamba nasikia. Mwisho akasema, "Ni yeye. Ni yeye kabisa. Hata kuniheshimu kidogo hakutaka."

Tulirekodi wiki ileile. Ubeti wako nimeuimba mimi, maana Babu alisema haufai kwa sauti ya mwanamume. Aliponiona nasitasita aliniambia, "Usiimbe. Pepeta tu, maneno yakitaka yatatoka." Yakatoka.

Sasa albamu ipo. Inaitwa *Polepole Nimefika*. Inapigwa redioni mjini, na Jumapili jioni watu wanakuja hapa kuisikiliza pamoja na Babu, wanakaa kwenye magogo na mikeka. Mtangazaji husema, maneno ya jibu ni ya marehemu mke wake. Kila akisema hivyo, mimi huingia jikoni kuangalia chungu ambacho hakina kitu.

Mara ya kwanza Shangazi Tumaini alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama yangu hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja." Nikajua ameshanikamata. Lakini Mama Kijanga, rafiki yako wa kupepeta, akamkatiza: "Wewe ulikuwa umeolewa Mtinko, ungesikia wapi? Mimi nilikuwepo. Aliuimba hapa hapa, mwaka ule wa njaa." Bibi, Mama Kijanga anakumbuka ulikuwa umevaa kanga gani. Ana hata mstari wa ziada, kuhusu kuku, anasema Babu ameuruka. Babu akamwomba aurudie, wakabishana hadi giza likaingia, na Babu alikuwa mkali kama zamani. Alipopewa chakula alisema chumvi imezidi. Shangazi alifurahi sana kutukanwa.

Siku hizi nami sina hakika vizuri. Labda kweli uliimba, mimi nikadhani nimetunga. Lakini hapana. Nakumbuka mahali niliposimama kwenye ule mlenda.

Sijutii. Nilitaka nikuambie hilo pia, maana ni geni kwangu. Matokeo yangu bado hayajatoka na siyangoji, nasonga ugali. Uwele wa mwaka huu umeshika vizuri baada ya mvua, umefika magotini. Gitaa halikai tena kwenye msumari. Nakukumbuka sana asubuhi, wakati wa kuwasha moto, halafu kazi zinaingia, na siku inakuwa nzuri tu. Nilikuwa naona aibu kwa hilo. Sasa naona ndivyo ungetaka.

Nakuahidi mambo mawili. Ungo wako nitausuka upya ukingoni unapofumuka, sitanunua wa plastiki. Na wimbo nitakaotunga baada ya huu, kwa sababu nimeshauanza, nitasema kwa mdomo wangu kwamba ni wangu, hata kama nitasema nimegeukia ukuta.

Lakini huu ni wako. Babu anazeeka, Bibi. Siku atakapokuja huko, najua atakachokuuliza kabla hajakaa. Atakuuliza kama ni kweli ulikuwa ukiimba hivyo. Tafadhali usinitaje. Usisimamishe ungo, usimwangalie. Mwambie ndiyo, ulikuwa ukiimba. Halafu mwulize kama amekula.

Lala vizuri, Bibi yangu.

Mjukuu wako,
Eli