Nimefaulu kipimo cha masikio, mke wangu anafunga nguo

Mpendwa Shangazi Honorata, shikamoo, naomba msaada na naomba usinicheke mpaka nimalize, maana hapa Kibaha mimi ndiye nachekesha watu na leo kichekesho ni mimi mwenyewe. Nafanya kazi karakana ya mbao, niko kwenye randa ya umeme, mashine inalia kutwa kama mbuzi mia wanachinjwa kwa mpigo, jioni nachonga vibao vya chapati nauza, shule niliishia la nne kule Maneromango lakini njaa haijanipata. Sasa Shangazi masikio yamekuwa mazito, watu wakicheka na mimi nacheka wala sijui tunacheka nini, nyumbani mke wangu Yasinta akinisemesha nimempa mgongo sisikii kitu, yeye anadhani namchunia, na mimi naona aibu kumwambia, kijana mzima nimekuwa kiziwi kama babu, basi namtania tu yanaisha.

Mwezi jana wakaja wapimaji wa afya za wafanyakazi na gari lao, unaingia ndani unavishwa visikilizio, ukisikia mlio unanyoosha kidole. Nikajua nikifeli natolewa kwenye mashine, unga unamwagika. Nikamkazia macho yule dada mpimaji, nikaona kila akibonyeza kitufe cha mlio bega lake linapanda kidogo, basi bega likipanda na mimi kidole juu! Msimamizi wetu Ponsiano akaenda kutangaza getini, ambapo Yasinta anauza maandazi: "Shemeji, mumeo ana masikio kama sungura!"

Watu wakacheka. Yasinta hakucheka. Tulipofika nyumbani akanishika kidevu, akasema, "Kumbe unasikia. Mwaka mzima naongea, kumbe unasikia ila hunitaki." Shangazi, utani wote uliniisha. Tangu siku hiyo hanisemeshi, amefunga nguo zake, Jumamosi anaenda kwao Gwata. Nikisema ukweli kazi inaondoka, nikinyamaza mke anaondoka. Nifanyeje?

Raphaeli wa Randa, Kibaha

Marahaba Raphaeli. Nimecheka, nisamehe, halafu nikaiweka barua chini.

Ujanja wako umekuumiza wewe na wenzako, mwanangu. Kipimo kile kilikuja kuikamata mashine, wewe ukaificha. Ukionekana mzima, bosi anaamini kelele zile hazina neno, na kesho anamsimamisha mwingine hapo hapo. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayarudi, sikudanganyi, ila yaliyobaki yanalindika. Kesho asubuhi mwambie Ponsiano kipimo kirudiwe. Aibu utaiona, imeze. Nenda na wenzako, msiende mmoja mmoja, mdai vizibo vya masikio, na vinunuliwe na mwajiri, ndivyo sheria inavyotaka, tena mpokezane kwenye hiyo randa. Akitishia kukufukuza, ofisi ya kazi ipo, nenda ukaeleze. Siwezi kukuahidi kwamba bosi hatanuna.

Hayo ni ya kesho. Leo usithubutu kumtania mkeo! Huyo mwanamke ameongea na mgongo wako mwaka mzima na bado anakaa getini kwako na beseni lake la maandazi. Mkalishe penye mwanga umuone mdomo, umwambie: "Yasinta, sisikii." Basi, usiongeze neno. Akimaliza kulia, mwombe akuambie upya yote yaliyokupita, taratibu, hata yale aliyokuwa anakugombeza.