Jina Langu Ndani ya Foni

Mujukuu wangu Aline,

Jambo sana kutoka Bagira. Maman yako iko muzima, na mahindi ya Nyantende yameanza kukauka. Sasa acha nikukasirikie.

Unaniuliza kama kondansateri, kile kidude cha kutunza umeme, ya volti kumi na sita inatosha kwenye plake yako, ule ubao wa umeme wa frigo ya chanjo, kwa sababu umeme wake ni volti kumi na mbili. Inatosha! Hata mimi nilisema hivyo nikiwa kijana, nikitengeneza foni, ile redio ya kuitia ambulansi, ya kituo kimoja cha afya upande wa Nyangezi. Niliweka ya kumi na sita, foni ikashika, nikajisifu. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi na nguvu kama unavyorudi huku kila mara. Kondansateri ikapasuka, foni ikakufa. Mama mmoja alikuwa anajifungua. Mengine siandiki.

Muuguzi aliniita, akafungua kifuniko cha foni. Sisi mafundi tulikuwa tunaandika jina ndani. Alinionyesha langu. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, na siyo juu ya umeme.

Weka ya thelathini na tano. Kisha andika jina lako juu ya plake. Mukono ukisita, usiitume kwenye kituo cha afya.

Koko yako