Mama Ameniuliza Juu ya Mkono Wako

Kaka, shikamoo. Huku hatujambo, na mama ameanza kula kidogo.

Tangu baba auawe, watu mtandaoni wamegeuka wapelelezi. Wameichukua picha yako ya mazishini, wakaizungushia duara jekundu ile bandeji ya mkononi, wakaandika, "Muuaji huyu hapa." Niliwajibu kwamba ulijikata na msumeno karakanani, na mimi ndiye niliyekufunga bandeji ulipofika nyumbani. Wakasema basi tulishirikiana. Jana wateja wawili waliingia saluni, wakanipiga picha, wakaondoka bila kusuka.

Hayo nayavumilia. Ila leo mama ameniita chumbani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulimwona akijikata, au alikuambia tu?"

Nimekupigia papo hapo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Rudi, kaka, uje umjibu mwenyewe.

Mdogo wako, msusi