Bibi Ruth na Yule Mwanamke Mwongo

Gaithersburg, Maryland

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Vipi mguu, umeacha kuvimba? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu hata kidogo.

Nikusimulie ya Bibi Ruth, yule mama mzee ninayemtunza. Tangu mumewe azikwe alikuwa hasemi, na chakula anakisukuma tu. Binti yake akasema asipobadilika, mwisho wa mwezi anampeleka nyumba ya wazee. Dada, roho iliniuma! Huku hakuna matanga. Watu walizika, wakala keki, wakarudi kazini. Sasa nani akae naye?

Basi juzi mchana nikaweka kanda ya video niliyoikuta kabatini, filamu ya zamani isiyo na rangi, iliyotolewa kwenye kitabu cha mauaji. Mpelelezi wa watu kavaa kofia yake, kampenda mwanamke mrembo, kumbe mwongo, anataka kumbebesha kesi ya mauaji.

Unajua kule kwetu Morogoro sinema tunavyoitazama, ukumbi mzima kelele. Nikajisahau! "We kaka, toka humo, anakuponza huyo!" Nikasimama kabisa. "Mwongo mkubwa we, na nyusi zako za kuchora!"

Binti akashuka ngazi mbio, uso mwekundu. Akaniambia hapa filamu hutazamwa kimya, na mama yake anahitaji utulivu. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mara Bibi akasema kutoka kitini, "Mwache. Baba yako naye alikuwa anamgombeza huyo mwanamke wa filamu hivyo hivyo. Kila tukiitazama."

Kisha akalia, dada. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu maziko. Binti akapiga magoti akamkumbatia, wakalia wote. Mimi nikakimbilia jikoni, nikalia zangu huko.

Jioni ile Bibi alikula wali wangu na mchuzi, akaomba tena. Leo asubuhi binti kapiga simu kule nyumba ya wazee, kawaambia mama yake haendi.

Nisalimie shangazi muuza vitumbua, na mjomba fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea huku wanalisifia sana. Watoto wako wabusu wote.

Niishie hapa, naitwa sebuleni. Kanda imeshawekwa, na binti kakaa chini karibu na mama yake, anataka nimfundishe kuzomea.

Mdogo wako akupendaye,
Mwajuma