Chozi Kwenye Chupa

Mama yangu,

Ile chupa yako ya maji ya sukari bado inaning'inia juu ya maua, huku nyuma ya nyumba, Berchem, Ubelgiji. Jumamosi nilikuwa naanika nguo nikasikia mvumo. Kadude ka kijivu, mbawa za rangi ya chungwa, kamesimama hewani kabisa, mdomo mrefu umezama chupani. Shuka likanianguka. Nikapiga kelele, "Jamani, chozi!"

Neno lilinitoka kwanza, ndipo nikalisikia. Nikakaa chini palepale kwenye nyasi.

Unakumbuka ulipokuja kunilelea Rehema? Ulimwambia, "Njoo uone, kuna chozi kwenye chupa." Na mjukuu wako, Kiswahili chake cha kuokoteza, akanipokea mlangoni: "Mama, Bibi anasema kuna larme kwenye chupa," yaani chozi la machoni. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inawaka moto. Nikakuuliza kama ni kweli, ukanijibu umefurahi, "Ndiyo, amekuja tangu jana, anakunywa." Hukusema limekuja, Mama. Ulisema amekuja. Ndege, yule chozi mdogo wa kwetu anayefyonza maua! Na mimi mtoto wa Tanga, miaka ishirini ya Kifaransa, sikusikia.

Nikampigia Kaka Salimu: Mama ameanza kuchanganyikiwa, anaona machozi kwenye chupa. Akasema mrudishe nyumbani, wa kumwangalia wapo. Kwenye uwanja wa ndege ulinishika mkono, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikasema hakuna, nenda ukapumzike. Mwaka haukuisha, ukatutoka.

Jirani yangu, Maman Béa, alisikia kelele zangu akachungulia juu ya uzio. "Ah non, ile haiko ndege, ni papillon! Moro-sphinx!" Kumbe ni nondo tu, anafyonza maua kama chozi wetu. Ungecheka mpaka ushike mbavu. Lakini kitu ulikiona, Mama. Kilikuwepo.

Jana nimempigia Kaka, nikamweleza yote. Nikamwambia Mama alikuwa na akili zake timamu. Kaka akasema, polepole, "Sasa mbona tulikuwa tunamfungia geti asitoke?"

Tulilia wote wawili, yeye huko, mimi huku.

Ningekuuliza tu, "Chozi gani, Mama?" Ungenivuta mkono ukanionyesha. Nisamehe, mama yangu. Nisamehe sana.

Mimi, kitinda mimba wako